Picha ya ubongo ikiwa safi, je, ina maana hakuna TB ya utando wa ubongo?

Muuguzaji: Habari zenu, ndugu. Mdogo wangu ana wiki ya tatu akiumwa kichwa na homa za jioni, na tangu juzi anachanganyikiwa. Maji ya uti wa mgongo yamepimwa kwa GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea vya TB) bila vimelea kuonekana, na CT scan (picha ya mionzi) ya kichwa, iliyopigwa bila dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, imesomwa kuwa ya kawaida. Hata hivyo madaktari wanataka kumwanzishia dawa za TB. Je, ni sahihi kutibu ugonjwa ambao vipimo viwili havikuuona?

Daktari wa mionzi: Pole sana kwa kuuguza. Majibu hayo hayathibitishi kwamba hana ugonjwa huo. Vimelea katika maji hayo huwa vichache mno, kwa hiyo GeneXpert, hata ile ya Ultra, toleo jipya lenye uwezo zaidi wa kugundua, inaweza kuvikosa. Na picha ya siku za mwanzo huweza kuwa safi kabisa. Tena, bila dawa ya mshipani tunakosa dalili muhimu: dawa ikiingia, utando uliovimba hung'aa chini ya ubongo, kuzunguka shina lake. Tunatafuta pia maji yaliyojaa katika vyumba vya ubongo, viharusi vidogo vya ndani, na vivimbe vya TB. Katika vigezo vya kimataifa vya kutambua TB ya utando wa ubongo vilivyochapishwa mwaka 2010, picha huchangia alama zisizozidi 6 kati ya 20. Zilizobaki hutoka kwa dalili za mgonjwa, maji ya uti wa mgongo, na ushahidi wa TB mahali pengine mwilini. Ulizia kama amepigwa picha ya kifua.

Tabibu wa wodini: Naungana na daktari, na ninaongeza kwamba kipimo cha VVU ni cha lazima, kwa sababu kwa mwenye VVU uvimbe kwenye picha unaweza kuwa wa toksoplasma (kimelea kingine kinachoshambulia ubongo), na fangasi wa kriptokoka nao huleta hali inayofanana na hii. Kuchanganyikiwa ni dalili ya hatari. Dawa zianze leo, pamoja na deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe) daktari wake akiridhia.

Muuguzaji: Asanteni sana. Tumeambiwa MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ipo mji mwingine. Tumpeleke?

Daktari wa mionzi: MRI huona viharusi vidogo mapema kuliko CT, lakini safari isicheleweshe dawa. Akizidi kusinzia au kutapika, CT irudiwe hapo hapo mlipo bila kungoja, kwani maji yakijaa kichwani huenda akahitaji upasuaji wa kuyatoa.