Historia ya treni za Michenzani tukaione wapi?

Bint_Treni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliwahi kumpeleka mwanangu Makumbusho ya Kasri, Forodhani. Tulipofika kwenye samani za fomaika za Sultani Khalifa akanivuta mkono: "Mama, kabati kama la bibi!" Kweli kabisa. Bi mkubwa analo vile vile, tangu alipopewa fleti kwenye yale majumba marefu ya Michenzani, hapa Unguja, tunayoyaita treni, ghorofa ya nne. Bawaba moja imelegea, ndani mna vikombe anavyovitoa Sikukuu tu. Sasa anahamia kwa kaka, Mwanakwerekwe, na kabati tunalitafutia wa kulinunua.

Tangu siku ile roho hainitulii. La Sultani limehifadhiwa, la bi mkubwa linakwenda mnadani. Kuna mahali mtoto anaweza kuona maisha ya fletini, vitu vya watu kama sisi? Au mnara wa kumbukumbu ya Mapinduzi pale mzunguko wa Michenzani ndio umetosha?

Mzee wa Ng'ambo
Waalaykum salaam mwanangu. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, hapo hapo yalipopita majumba. Ilibomolewa. Ramani ya mji waliichora Wajerumani Mashariki, mwaka 1968, lakini karai za zege tulipokezana sisi. Ikiitwa kazi ya kujitolea; kutokwenda hukuthubutu. Mzee Karume aliuawa 1972 na majumba bado yanaendelea kujengwa.

Watu husimulia umeme na choo cha ndani, na ni haki, ilikuwa neema kubwa. Mimi nataka vijana wajue habari ya baraza. Nyumba ya zamani ilikuwa na baraza, mpita njia akikaa, kahawa inakuja. Fleti haina. Tukashuka kukaa chini ya ngazi, na bao likahamia huko. Maji yakikosa nguvu ya kupanda, wanawake walibeba ndoo mpaka juu, wakipumzika kila kituo cha ngazi. Wakutane wawili, mmoja ana ndoo mwengine ana mtoto, hapo ndipo habari zote za mtaa zilipopatikana. Hayo nani ameyaandika?

Msafiri_Kikwajuni
Dada, usilitoe hilo kabati! Nilisoma Ujerumani, nikafika Eisenhüttenstadt. Mji ule ulianzishwa 1950 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma, na mpaka 1961 ukiitwa Stalinstadt. Makumbusho yao yamo ndani ya jengo lililokuwa la kulelea watoto wadogo, na ngazini mna madirisha ya vioo vya rangi, kazi ya Walter Womacka. Vitu vingi vimetolewa na wananchi wenyewe: redio, vyombo vya plastiki, vitu vya jikoni. Nilisimama mbele ya vikombe nikajiona niko kwa shangazi yangu, fleti za Kikwajuni. Serikali ile ile ya Ujerumani Mashariki iliyojenga kwao ndiyo iliyotusaidia kujenga kwetu. Wao wameweka mpaka vijiko.

Kitu bila maelezo ni mzigo tu, lakini. Andika nani alikinunua, lini, kilikaa chumba gani.

Fundi Saidi
Kwa picha na ramani za zamani nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Ila za ndani ya nyumba za watu utazipata kwenye albamu za majirani. Gonga milango. Beit al-Ajaib, lile kasri la masultani lililofanywa makumbusho, ilipoporomoka upande mmoja, Disemba 2020, ilituuma sote. Za fletini zinapotea kimya kimya, kila akihama mtu.

Bint_Treni
Allah awalipe kheri. Mzee wangu, nakuomba ruhusa nije nikurikodi hiyo habari ya baraza.

Kaka nimeshampigia, kabati haliuzwi. Jana usiku nilikaa na bi mkubwa na daftari, nikamuuliza swali moja tu, lilifikaje juu. Kumbe ngazini halikugeuka! Vijana wa chini walilifunga kamba za ngalawa wakalipandisha kwa nje mpaka roshani, yeye kasimama juu anapiga kelele wasikikwaruze kioo. Mkwaruzo upo, mlango wa kushoto. Miaka yote nilidhani ni mimi niliyeufanya utotoni.