Mrejesho: niliyeomba ushauri kuhusu kumuuguza kaka yangu

Wapendwa, mimi ndiye niliyeandika mwezi wa tatu kwamba namuuguza peke yangu kaka yangu mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, silali, na kuna siku natamani nifunge mlango niondoke nisirudi. Mlinishauri niwaite ndugu, na nimuulize daktari kuhusu dawa yake kwa sindano badala ya vidonge.

Sindano imetuokoa. Zamani kila jioni ilikuwa vita ya vidonge: anavificha chini ya ulimi, anavitema, mimi nalia. Sasa anachomwa kliniki mara moja kwa mwezi. Mwanzoni mikono ilimtetemeka, akaongezewa dawa ya kutuliza hilo.

Ndugu walikuwa wagumu. Shangazi bado anasema ni majini. Ila mdogo wetu huja Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni, nami naenda kulala kwa mama mkubwa. Usiku wa kwanza niliamka mara tatu kusikiliza kama mlango umefunguliwa. Wiki ya nne nililala hadi adhana.

Halafu nesi alinipima presha, akakuta iko juu. Miaka 6 nasindikiza mgonjwa, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi naendeleaje. Nililia mbele yake, wala sikuona aibu.