Tumechangia ngoma za watoto, shule imezifungia stoo mpaka aje mgeni rasmi. Nimechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Mwenye presha apite kushoto, leo natoa povu.

Jana jioni nimekaa na binti yangu wa darasa la nne nakagua madaftari. Shule ni ya serikali, sitaji ipi wala wilaya gani, wenyewe wakisoma watajijua. Nikafungua daftari la Sanaa na Michezo. Limeandikwa kwa mwandiko mzuri tu: "Ngoma ni nini? Ngoma ni chombo cha muziki kinachotengenezwa kwa mti na ngozi, hupigwa kwa mikono au fimbo." Chini yake kuna ngoma imechorwa kwa kalamu ya bluu, imenakiliwa ubaoni, imepinda utadhani mtungi. Vema nyekundu ya mwalimu, na "Hongera".

Nikamuuliza, umeshawahi kuipiga? Akanicheka. "Baba, zile ni za wageni."

Za wageni! Wakuu, zile ngoma nimezibeba mimi kwenye bajaji, moja nimeipakata mapajani toka kwa fundi mpaka getini.

Iko hivi. Mwaka jana mwanzoni, huu mtaala mpya ulipokwisha kushuka madarasani na somo la Sanaa na Michezo likaonekana kwenye ratiba, sisi wazazi wachache tukasema tusisubiri serikali, tujichange. Kwenye group la darasa tuko wazazi 71. Waliotoa ni 38, kila mmoja 5,000, jumla 190,000. Mimi na mama mmoja anayeuza chapati jirani na shule ndio tulihangaika. Ngoma tatu kwa 35,000 kila moja, kubwa, ya kati na ndogo. Rangi chupa 20. Brashi. Manila 40, za waridi na kijani, maana watoto wanapenda rangi. Risiti zote ninazo.

Yule fundi, mzee wa watu, alituweka chini nusu saa nzima kutufundisha. Ngozi haitaki unyevu. Ianikeni juani walau mara moja kwa wiki. Kabla ya kupiga, washeni moto wa makaratasi au nyasi kavu, muipashe ngoma moto mpaka mkiigonga isikike "ti", ikisikika "bu" bado. Na msiiweke chini kwenye sementi. Mama Chapati akaandika yote kwenye karatasi, karatasi tukaikabidhi shuleni pamoja na vifaa.

Tulipofika ofisini, mwalimu mkuu cha kwanza: "Wazazi, mnajua michango imekatazwa?" Akatutajia na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Mkuu, tunaujua. Waraka ule ulikuja kutuondolea ada na michango ya lazima, haukuja kumzuia mzazi anayeleta ngoma kwa hiari yake. Na ni yeye huyohuyo ambaye kila Ijumaa watoto wanakwenda na 500 ya "mtihani wa wiki", asiyekuwa nayo anakaa nje ya darasa. Hiyo jina lake nini? Sadaka? Basi akajifanya amelainika, akapokea, akaandika kwenye leja, akatupiga na picha. Vifaa vikaingia stoo. Stoo ikapigwa kufuli.

Tangu siku ile vipindi viwili vya sanaa kwa wiki vimekuwa vipindi vya hisabati. Ukiuliza unaambiwa "tunasukuma kwanza haya mengine". Kikipatikana kipindi kweli, ndiyo hayo ya kunakili maana ya ngoma ubaoni, na ngoma yenyewe iko hatua ishirini kutoka dawati la mtoto.

Mwalimu wa darasa simlaumu kivile. Ana watoto 90 na ushee, hajafundishwa kupiga ngoma wala kuchanganya rangi, na ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa MWAKA, chaki na vitasa vya milango vinaimaliza. Ndiyo maana tulichanga! Tulileta kile ambacho shule inasema haina, halafu kikafungiwa.

Sasa njooni kwenye mahafali ya darasa la saba. Wiki mbili kabla, ghafla sanaa imekuwa na maana. Watoto wanaitwa saa kumi na mbili asubuhi mazoezini, hisabati imesimama, hakuna tena habari ya kusukuma. Siku yenyewe mwalimu wa zamu akaniomba nimsaidie kutoa vyombo, ndipo nikaingia stoo kwa mara ya kwanza.

Ngoma ndogo imetobolewa na panya, tundu la kupitisha ngumi. Ile kubwa ilikaa chini kwenye sementi, ngozi imelegea, ukiigonga inasema "bu" kama gunia la mchele. Rangi zimeganda kwenye chupa, nimeipindua moja haikudondoka hata tone. Brashi bado ziko kwenye nailoni yake. Manila nikazitafuta sikuziona. Nilikuja kuziona baadaye nilipopita ofisini: zimebandikwa ukutani, za waridi na kijani, zimeandikwa kwa maka peni "UFAULU KIMASOMO". Nilisimama pale mlangoni nikacheka peke yangu kama chizi.

Watoto walicheza hivyohivyo. Kanga kiunoni, njuga za vizibo vya soda miguuni, wakipiga ngoma mbili zilizolegea na dumu la mafuta la plastiki. Na walicheza, wallahi! Kuna mvulana mmoja, nasikia hesabu zinampiga chenga na kila Jumatatu anachapwa, alilishika lile dumu mpaka meza kuu ikanyanyuka. Mgeni rasmi akatoa 50,000 kuwatunza watoto. Mpaka leo hata soda hawajaiona, na aliyeipokea hajaisema popote.

Jumatatu yake kijana alirudi kuchapwa kwa ajili ya hesabu.

Sasa nihamie kwetu wazazi, maana nisipoyasema haya nitakuwa mnafiki. Wale 33 ambao hawakutoa senti wako humu mitandaoni, huenda wanasoma. Kwenye group mmoja aliandika, "Mnataka kuwafanya watoto wetu wahuni?" Huyohuyo kila wikiendi anamweka mwanawe wa miaka sita akatike mbele ya simu, anamrusha status, watu wanacheka. Mwingine: "Ngoma hailishi." Kaka, kwenye harusi ya mdogo wako mwaka jana MC mlimlipa shilingi ngapi? Mpiga tarumbeta je? Mpambaji aliyeficha ule ukuta wenye nyufa kwa vitambaa alikula nini, hewa? Tuisheni ya hisabati elfu ishirini kwa mwezi hamlalamiki, 5,000 ya ngoma mara moja kwa mwaka mnaleta hadithi.

Na yule aliyesema vifaa vya kuchorea ni anasa ya wazungu, nimjibu hapahapa. Edward Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Amefariki 1972, na mpaka leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, kuna watu wanalipa ada za watoto wao kwa mtindo wake. Rangi ya baiskeli, jamani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wenye nazo hawajadanganyika. Nimewahi kufanya kazi ya umeme kwenye shule moja ya hao wenye ada ya mamilioni. Chumba cha muziki kina kinanda, chumba cha kuchorea kina sinki zake za kuoshea brashi. Watoto wa hao wanaotuhutubia habari ya "sayansi kwanza" ndio wamo mle ndani na brashi mkononi. Wa kwetu wananakili ngoma ubaoni. Halafu kijana wa kwetu akimaliza kidato cha nne anasikia kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, anakwenda kuomba nafasi na hajawahi kushika chombo cha aina yoyote.

Kila asubuhi watoto wetu wanasimama mstarini wanaimba Mungu Ibariki Afrika. Aliyeutunga wimbo ule mwaka 1897, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu wa shule kule Afrika Kusini, anafundisha na kwaya. Angekuwa kwetu angepewa barua ya kujieleza kwa nini anaimbisha wakati mtihani wa wiki haujasahihishwa.

Nilishakwenda kwa afisa elimu kata. Aliniambia niandike barua. Nimeandika. Akasema ipitie kwa mwalimu mkuu.

Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Mimi na Mama Chapati tunaingia na risiti zetu na nakala ya leja niliyoipiga picha, tunataka mambo matatu: ufunguo mmoja wa stoo akae nao mjumbe wa kamati ya shule, vipindi viwili vya sanaa vifundishwe kama ratiba inavyosema, na yule fundi aruhusiwe kuja kila Alhamisi, amekubali kwa nauli tu. Ngoma ndogo nimeshaipeleka kwake, ngozi mpya ni 12,000. Hiyo nimetoa mwenyewe, sitaki mchango wa mtu.

Wenye uzoefu na kamati za shule nishaurini: tukigomewa tunaanzia wapi? Kuzichukua ngoma zetu kwa leja hiyohiyo na kuwafundishia watoto uwanjani kwa mjumbe wa mtaa inakubalika, au nitaambiwa nimeiba mali ya serikali? Wa kuja kunitukana kwamba sina kazi, karibuni pia, leo nipo hewani mpaka usiku. Jumamosi jioni naleta mrejesho.