Naomba ushauri: tubadilishane wachezaji au tuwe na subira?

Ndugu wanamichezo, salaam.

Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu iliyopoteza michezo 9 kati ya 12, mingi kwa tofauti isiyozidi pointi 5. Tatizo hujitokeza katika robo ya nne: kijana wetu anayeongoza mashambulizi, mwenye umri wa miaka 20, hudundisha mpira mpaka sekunde 24 zinazoruhusiwa kwa kila shambulio zinakaribia kwisha, kisha hurusha kwa kulazimisha ilhali mwenzake amesimama peke yake pembeni. Tumebadilisha kikosi cha kuanza, tumejaribu ulinzi wa eneo (kila mchezaji kulinda sehemu yake ya uwanja badala ya kumfuata mpinzani mmoja) na tumemwonyesha video, lakini mabadiliko ni madogo mno.

Sasa timu nyingine inamtaka, nayo itupe mchezaji mrefu mwenye uzoefu. Uongozi umeshawishika, ukitaja Boston Celtics wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, waliowachukua nyota wazoefu Ray Allen na Kevin Garnett mwaka 2007 wakapanda kutoka ushindi 24 hadi 66 na kutwaa ubingwa. Mimi nawakumbuka Detroit Pistons wa ligi hiyo hiyo, waliofungwa michezo 28 mfululizo msimu wa 2023/24, wakambakisha kijana wao anayeongoza mashambulizi, Cade Cunningham, wakaongeza wakongwe wachache, na msimu uliofuata wakashinda 44. Kusema kweli, moyo wangu unasita kumwachia kijana huyu.

Naomba mnisaidie: ni dalili zipi mazoezini zinazoonyesha kwamba mchezaji kijana anakomaa, hata kama matokeo bado hayajabadilika? Na je, yupo aliyewahi kumpunguzia mchezaji kama huyu jukumu la kumalizia michezo bila kumvunja moyo?