Kufungua mwamba wa pweza kwa hesabu: wenzetu wa salmoni wanafanyaje?

Katibu wa Diko (Kusini Pemba) ameuliza:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni katibu wa Kamati ya Wavuvi katika shehia moja ya kusini mwa Pemba. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukifunga sehemu ya mwamba wetu kwa miezi mitatu ili pweza wapate kukua, kisha tunafungua katika bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, kwa utaratibu ambao Kisiwa Panza walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuujaribu hapa kisiwani. Kufunga hakutusumbui tena, kwani watu wameshakubali. Kinachotusumbua ni kufungua. Kila miezi mitatu inapokaribia kwisha kikao kinagawika: wachokoaji, yaani wanaokwenda kwa miguu kuchokoa pweza mashimoni, wanasema pweza wameshakuwa wakubwa na majike yataanza kufa bure mashimoni, wenye ngarawa wanataka tungoje bamvua lijalo, na wanunuzi wanapiga simu kutaka siku inayowafaa wao kwa sababu ya gari na barafu. Mwishowe anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Karibuni nilisoma habari za uvuvi wa salmoni huko Alaska, Marekani, ambako samaki hupanda mitoni kwa msimu mfupi, na uvuvi hufunguliwa na kufungwa kwa saa tu, kulingana na idadi ya samaki waliohesabiwa. Nina maswali mawili. Wanahesabuje samaki walio majini kwa mamilioni? Na je, katika utaratibu wao kuna chochote ambacho kamati isiyo na mtaalamu wala fedha, yenye mizani moja na daftari, inaweza kukitumia kwa pweza?

Baharia wa Mkoani amejibu:

Waalaykum salaam Katibu. Niliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha samaki Naknek, kwenye ghuba ya Bristol Bay, ambako ndiko kwenye msimu mkubwa kuliko yote duniani wa salmoni mwekundu. Mwaka 2022 waliorudi huko walikaribia milioni 79. Swali lako la kwanza lina jibu jepesi kuliko mtu anavyodhani: wanahesabu kwa macho. Pembeni mwa mto, juu kabisa ya sehemu ya kuvulia, husimamishwa mnara mdogo kila ukingo. Mhesabuji hupanda akiwa na miwani ya kuondoa mng'ao wa maji na kidude cha kubonyeza mkononi, akahesabu kwa dakika kumi katika kila saa, kisha idadi ile ikazidishwa mara sita. Salmoni anayepanda hushika kandokando ya ukingo ambako mkondo ni dhaifu, kwa hiyo hupita karibu na mnara kama watu wanaopita mlangoni mmoja mmoja. Pale ambapo maji ni ya tope, kama mto Nushagak, hutumia chombo kinachotuma mawimbi ya sauti na kusoma mwangwi wake.

Hata hivyo, Katibu, jambo lenyewe si mnara. Jambo ni kwamba hesabu inayowashughulisha si ya samaki waliovuliwa bali ya samaki walioachwa wakapita kwenda kutaga. Kila mto umewekewa kiwango chake mapema, kabla ya msimu na kabla ya watu kutiana tamaa. Mto Kvichak, kwa mfano, hutakiwa kupitisha salmoni kati ya milioni 2 na milioni 10, na Egegik kati ya laki nane na milioni 2. Wakipita wachache, uvuvi hufungwa hata kama bandari nzima inanung'unika. Wakipita wengi kuliko kiwango cha juu, wavuvi huongezewa saa, kwa sababu mayai yakizidi vifaranga hugombania chakula ziwani. Mvuvi huchukua kinachobaki. Tangazo la kufungua hutolewa redioni na mtaalamu wa serikali aliye papo hapo, naye hulipanga kufuata kujaa na kupwa kwa maji, jambo ambalo wewe na mimi hatuhitaji kufundishwa.

Jingine litakalokufaa ni kwamba hawangoji samaki wafike mtoni ndipo waanze kujua. Karibu na Port Moller, mbali kidogo na ghuba, mashua moja au mbili hutega nyavu katika vituo vilevile kila mwaka, na kinachonaswa huwaonyesha kinachokuja takriban wiki moja baadaye. Kwa maoni yangu hapo ndipo kamati yako iangalie.

Mchokoaji wa Jambiani amejibu:

Ninamshukuru Baharia kwa maelezo, lakini ninaomba tusikimbilie. Salmoni ana mlango, pweza hana. Salmoni aliyezaliwa Kvichak hurudi Kvichak akiufuata mto wake kwa harufu, kwa hiyo watu wa huko wakiwaacha wazazi leo, wao wenyewe ndio watakaovua watoto baada ya miaka minne au mitano. Vitoto vya pweza vikianguliwa huchukuliwa na maji na kuelea wiki nyingi kabla ya kukaa chini, na hakuna ajuaye kama vitakaa kwenye mwamba wa mama yao au wa shehia ya tatu. Katibu asiwaahidi wanachama wake kwamba wakifunga wataona pweza wengi zaidi mwakani. Wanachovuna kwa kufunga miezi mitatu ni uzito. Pweza hukua upesi mno, na yule aliyekuwa wa kupikwa chungu kimoja mwanzoni mwa kufunga anakuwa wa kuuzwa kwa mnada.

Kuhusu majike kufa mashimoni, wachokoaji wako hawasemi uongo. Hapa ndipo pweza na salmoni wa bahari ya Pasifiki wanapofanana kweli: wote hutaga mara moja tu katika maisha yao. Jike la pweza hutundika mayai yake darini mwa shimo, huziba mlango kwa mawe na vipande vya matumbawe, hukaa humo akiyapepea maji bila ya kula, na yakianguliwa hufa. Mchokoaji mzoefu hulijua shimo la namna hiyo kwa kuliona tu, maana mawe yake yamepangwa na hayana makombo mapya ya kaa na chaza mbele yake. Mashimo hayo yakiwa mengi, wakati umefika. Yakiwa machache na pweza wengi bado wanatembea, subirini.

Nina neno moja la mwisho. Sisi wanawake tunakwenda mwambani kwa miguu tangu tukiwa wasichana, na bado katika kamati nyingi siku ya kufungua hupangwa na wanaume wenye vyombo, ambao kupwa kwa asubuhi na kwa jioni kwao ni sawa. Kwangu mimi si sawa. Maji yakipwa magharibi, sina uvuvi.

Maalim wa Takwimu amejibu:

Nimefundisha wanakamati kuweka kumbukumbu za madiko, yaani mahali samaki wanapoteremshwa na kuuzwa, kwa hiyo nitajibu swali la pili. Ninakubaliana na Bibi wa Jambiani kwamba pweza hawahesabiki, na ninaongeza kwamba hakuna haja ya kuwahesabu. Kinachohitajika ni kipimo kimoja kisichobadilika, kilichopimwa kwa namna ileile kila mara. Kabla ya kufungua, wateueni wachokoaji wachache wanaoaminika, wanawake wakiwemo, waingie sehemu ileile ya mwamba katika kupwa kumoja. Kila pweza apimwe peke yake, jinsia yake iandikwe, na muda waliokaa mwambani uandikwe pia. Dume hujulikana kwa mnyiri wa tatu wa kulia, ambao nchani hauna vikombe vya kunatia. Kisha amueni kwa kanuni iliyopitishwa siku ya kufunga, si siku ya kufungua: kwa mfano, kwamba wakizidi nusu walio juu ya kilo fulani mnafungua bamvua hili, na wasipofika mnangoja lijalo. Kilo hiyo mtaichagua wenyewe baada ya kuona madaftari ya misimu miwili au mitatu.

Siku za kufungua zenyewe, andikeni kilo kwa kila mchokoaji kwa kila kupwa. Kilo za diko zima pekee zinadanganya, kwa sababu watu wakija mara mbili ya kawaida kilo zitapanda hata kama mwamba unakwisha. Wageni kutoka dago, yaani kambi ya wavuvi wa kuhamahama, ndio wanaoharibu hesabu hii mara nyingi, kwa hiyo waandikeni kando badala ya kuwafukuza. Na ikiwa siku ya pili mchokoaji anapata nusu ya alichopata siku ya kwanza, jueni kwamba mwamba umekwisha kuvunwa.

Ninatoa tahadhari ili tusiwatukuze wenzetu kupita kiasi. Katika mto Yukon, huko huko Alaska, salmoni wakubwa aina ya Chinook wamehesabiwa kwa uangalifu kwa miaka mingi, na hata hivyo walipungua hadi mwaka 2024 Alaska na Kanada zikakubaliana kusitisha uvuvi wao kwa miaka saba. Hesabu haikuwazuia kupungua. Iliwapa tu watu wa pande mbili za mpaka namba moja ya kubishania.

Katibu wa Diko amejibu:

Shukran nyote. Kanuni ya kupitishwa siku ya kufunga nitaipeleka kwenye kikao, kwa kuwa siku hiyo hakuna mnunuzi anayepiga simu. Ninaona ugumu mmoja. Tukiwaingiza watu wachache katika mwamba uliofungwa, hata kwa kupwa kumoja, kesho yake kijiji kizima kitasema kamati inakula pweza. Maneno hayo yameshavunja kamati ya jirani yetu.

Mchokoaji wa Jambiani amejibu:

Maneno hayo hayakwepeki, lakini yanapunguzika. Tangazeni siku ya majaribio mapema msikitini na dukani, sheha awepo diko wakati wa kupima, na pweza wote wa siku hiyo wanadiwe hadharani papo hapo, fedha ziingie katika sanduku la kamati na risiti ibandikwe ukutani. Asitoke mtu na kitoweo, hata mwenyekiti. Hasa mwenyekiti.

Maalim wa Takwimu amejibu:

Ninaongeza dogo ambalo huharibu madaftari mengi: amueni kama pweza atapimwa kabla ya kutumbuliwa kichwa au baada yake, na mshike hilohilo daima, kwani nimeona kamati iliyobadilisha katikati ya mwaka ikadhani pweza wake wamekonda. Mizani nayo ipimwe kila msimu kwa kitu ambacho uzito wake mnaujua, kama vile mfuko wa sukari wa kilo moja ambao haujafunguliwa.

Katibu wa Diko amejibu:

Tutapima kabla ya kutumbua, maana wachokoaji wetu wengi hutumbua wakifika nyumbani. Kikao ni baada ya bamvua hili, nami nitaleta hapa kanuni waliyoipitisha, pamoja na kilo waliyoichagua.