Ushauri: Nawekaje namba kwenye jedwali la spidi za Flash, Superman, Quicksilver na Zoom?

Fremu9 (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Naandaa jedwali la spidi za wahusika wa vitabu vya komiki kwa ajili ya mdahalo wa nani atamgaragaza nani. Upande wa steringi nina Flash (Wally West), Superman, Quicksilver, Silver Surfer na Spider-Man. Upande wa maadui nina Zoom na Deathstroke. Nimekwama kwa Quicksilver, maana kuna wanaosema maili 175 kwa saa na wanaosema anaipita sauti. Nimekwama pia kwa Wally pale mjini Chongjin alipowaokoa watu wote na bomu la nyuklia, kila mtu ana jibu lake. Halafu huyu Deathstroke, anamchomaje upanga mtu anayekaribia kasi ya mwanga? Nikiweka namba moja kwa kila jina, jedwali linatoa majibu ya ajabu ajabu. Naombeni ushauri.

nusu_nuru
Mkuu, hiyo namba moja ndiyo inayokuharibia. Tenganisha spidi ya safari, spidi ya mikono akiwa anapigana, na muda anaochukua kuitikia. Mwangalie Silver Surfer. Akiwa juu ya ubao wake anavuka anga kwa kasi inayopita mwanga, lakini kwenye Fantastic Four namba 48 (1966) Thing, lile jitu la mawe, anamtandika ngumi na jamaa anaporomoka kutoka juu ya jengo. Thing hana spidi yoyote ya kutisha. Kwa hiyo Surfer usimpe alama za safari kwenye safu ya ngumi.

Spider-Man ni kinyume chake. Kusafiri ni kuning'inia kwenye utando tu, ila kuitikia ni balaa. Hapa wengi huingia mkenge: "kakwepa risasi, basi ana spidi ya risasi." Hapana. Chukua risasi ya bastola ya milimita 9, mita kama 370 kwa sekunde, iliyofyatuliwa akiwa mita 5. Inamfikia baada ya milisekunde 13 na nusu hivi. Anachotakiwa kufanya ni kusogeza kiwiliwili sentimita 30, yaani mita 22 kwa sekunde, sawa na kilomita 80 kwa saa. Na hapo hujahesabu kwamba hisia zake za buibui humtahadharisha kabla kidole hakijavuta kifyatulio, kwa hiyo hata hiyo 80 huenda isihitajike.

Mla_Toleo
Nakazia. Kuhusu Quicksilver, namba zote mbili ni za kweli ila ni za vipindi tofauti. Alipoanza (X-Men namba 4, 1964) na kwa miaka mingi baadaye alihesabiwa wa maili 175 kwa saa, kisha kampuni ya Marvel ikampandisha akapita sauti. Weka safu ya kipindi, la sivyo unapima watu wawili wenye jina moja. Superman vilevile: wa kabla ya 1986 alikuwa anavunja mpaka wa wakati kwa kuruka tu, wa mwandishi John Byrne kuanzia 1986 alipunguzwa sana.

Tena usidharau hiyo 175. Ni mita 78 kwa sekunde. Mita 10 za ulingo anazimaliza kwa sekunde 0.13, na binadamu wa kawaida anahitaji kama 0.2 kuitikia alichokiona. Yaani Captain America asiposoma mwili wake mapema, ngumi imeshafika.

Bi_Kikokotoo
Chongjin (JLA namba 89) ipigie hesabu mwenyewe, usikopi namba za mitandaoni. Maandishi ya kwenye fremu yanatoa vitu vinne: watu nusu milioni, kilima kilicho maili 35 kutoka mjini, muda wa maikrosekunde 0.00001, na kwamba Wally alikuwa *chini kidogo* ya kasi ya mwanga. Maili 35 ni kilomita 56, kwenda na kurudi 112. Zidisha kwa nusu milioni, akibeba mmoja mmoja, unapata kilomita milioni 56.

Sasa ugomvi unaanzia hapa. Kwa kasi ya mwanga, kilomita milioni 56 zinachukua sekunde 187, zaidi ya dakika tatu. Bomu la nyuklia halimsubiri mtu dakika tatu. Ukishika ule muda badala yake, inatoka kama mara trilioni 19 ya kasi ya mwanga. Na ndani ya muda huo mwanga wenyewe unasogea milimita 3 tu! Mwandishi hakushika kikokotoo, basi.

nusu_nuru
Mimi ningechukua "chini kidogo ya mwanga", kwa sababu ndicho kitu pekee mwandishi alichokisema moja kwa moja kuhusu spidi.

Bi_Kikokotoo
Sikubali kaka. Kilichotokea kwenye hadithi ni kwamba watu waliokoka, hilo ndilo tukio. Maelezo yakipingana na tukio, tukio linashinda. Ila namkubalia Fremu9 aandike zote mbili, na alama ya kuonyesha ipi imesemwa na ipi imekokotolewa. Akiiweka trilioni 19 peke yake, hakuna adui yeyote atakayefua dafu na mdahalo unakufa.

Kalamu_ya_Risasi
Deathstroke ni rahisi, na hahitaji spidi kabisa. Kwenye Identity Crisis namba 3 (2004) anatega milipuko njiani, Flash anapindisha njia kuikwepa, anakutana na upanga ulioshanyooshwa. Spidi iliyofanya kazi pale ni ya Flash mwenyewe. Mpe Deathstroke safu ya "kutabiri", asilinganishwe kwa mita na sekunde.

Zoom (Hunter Zolomon, 2003) naye usimwandikie kasi. Hatumii Speed Force (ile nguvu inayowapa spidi) kama kina Flash, anabadilisha mwendo wa wakati wake mwenyewe. Ndiyo maana ujanja wa Wally wa kumpora mtu spidi unagonga mwamba kwake: hakuna cha kupora. Mwandikie uwiano. Tuseme wakati wake unakwenda mara 1,000 ya wetu, ngumi yake ya mita 10 kwa sekunde sisi tutaiona ya mita 10,000.

Fremu9
Nimewaelewa vizuri sana, shukrani. Na zile mbio za Flash na Superman, nizitumie kama kipimo?

Mla_Toleo
Za 1967 (Superman namba 199) zitupe. Walikubaliana kumaliza sare makusudi ili kuwaharibia wacheza kamari waliotaka kupanga matokeo. Za 1970 kwenye World's Finest namba 198 na 199 Flash anashinda, ila wote wako hoi wanatambaa, kwa hiyo umepima pumzi zaidi ya spidi. Iliyo safi ni Flash: Rebirth ya 2009, Barry Allen, Flash aliyemtangulia Wally, anapomwacha Superman nyuma na kumwambia zile za zamani zilikuwa za hisani.

Halafu juu kabisa ya jedwali andika pambano linafanyika ulimwengu gani. Kwenye JLA/Avengers, hadithi inayokutanisha wahusika wa DC na wa Marvel, Wally alipovuka kuingia upande wa Marvel alikuta huko hakuna Speed Force, nguvu zikakata. Ukimkutanisha na Quicksilver uwanja huo, hata yule wa maili 175 anamchapa.