Mrejesho: kalvati la Jomvu na samaki wasiopanda

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza kwa nini samaki aina ya mikizi na mikunga wadogo hujazana upande wa chini wa kalvati, yaani bomba la kupitishia maji ya kijito chini ya barabara yetu hapa Jomvu, Mombasa, hawapandi kijito. Mkaniambia nikautazame mdomo wa chini maji yakipwa.

Mlisema kweli. Maji yalidondoka kutoka kimo cha goti juu ya zege tupu, hapana dimbwi la samaki kujirushia. Ndani, bomba jembamba liliyabana yakaenda mbio mno.

Mhandisi alitusikiliza, Mungu ambariki. Sasa kuna kalvati la zege lenye umbo la sanduku, pana kuliko kijito kikifurika. Sakafu yake imezamishwa, ikafunikwa kokoto na mchanga wa kijito chenyewe, mteremko ule ule. Mawe makubwa yameachwa humo samaki wapumzike nyuma yake. Hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Tuta la Makupa, lililobeba barabara kati ya kisiwa cha Mombasa na bara, lilizuia maji ya bahari miaka mingi hadi daraja lilipofunguliwa 2022. Huku kwetu tusingengoja hivyo.

Mikizi wameshapita, nimewaona kwa macho. Mikunga hupanda usiku, kwa hiyo vijana wataenda na tochi mvua za masika zikianza.